Kulala Kambini Bila Bunduki: Jinsi ya Kumlinda Mtoto Wako

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo, vuta kiti, tuzungumze.

Leo sitazungumza juu ya chanjo wala uji wa mtoto. Leo nataka tuzungumze juu ya safari. Shule zikifungwa, watoto wetu wengi huenda kambini. Wako maskauti, wako vijana wa kanisa, wako wanafunzi wa klabu za mazingira. Siku hizi hata familia hukodi matatu, hubeba hema na sufuria, na kwenda kulala mbugani ili watoto wamwone pundamilia kwa macho yao, si katika kitabu tu. Hilo ni jambo jema. Mtoto wa Kenya asikue bila kuijua nchi yake.

Wiki jana mama mmoja alinisimamisha nje ya kliniki ya watoto. Mdogo wake alikuwa mgongoni, na mkononi alishika barua kutoka shule ya mkubwa wake. Barua ilisema kwamba watoto watakwenda kulala kwenye mahema katika mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Mzazi atie sahihi. Mama akaniuliza, "Sista, nasikia huko bunduki hairuhusiwi. Sasa fisi akija usiku, mwalimu atamfukuza na nini? Na chaki?"

Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa swali la mzazi mwenye akili. Nilimwambia nitamjibu hapa, ili wengine mlio na barua kama hiyo mfaidike pia.

Kwanza, ni kweli. Katika nchi yetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Tena Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inasema ni kosa kuingia na silaha katika eneo la hifadhi bila idhini. Hata mtu mwenye leseni ya bastola hawezi kuingia nayo tu apendavyo. Wanaobeba bunduki huko ni askari wa wanyamapori, yaani wale wa KWS na wale wa hifadhi za kaunti. Wao wamefunzwa. Katika mbuga nyingi kikundi kinaweza kuomba askari mmoja akae na kambi usiku, kwa malipo. Kama mtoto wako anakwenda na kikundi, uliza kama jambo hilo limepangwa.

Na hebu fikiri, mama. Hema ni kitambaa. Mtu mwenye hofu akifyatua risasi gizani, risasi hiyo haitajua kama mbele yake ni fisi au ni hema la watoto wa jirani. Nyati aliyejeruhiwa ni mkali kuliko nyati mzima. Na bunduki iliyofichwa chini ya mto, mtoto atakayeiona wa kwanza ni nani? Mimi nafurahi kwamba sheria iko hivyo.

Lakini kuna sababu nyingine kubwa zaidi, na hii nitaieleza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliandamana na watoto wa shule ya Jumapili kwenda kupiga kambi mahali pa baridi, milimani. Mimi ndiye niliyekuwa muuguzi wa safari. Kulikuwa na baba mmoja aliyenung'unika tangu tulipofika langoni. "Tutalalaje bila silaha?" Usiku ulipoingia alikaa karibu na moto, tochi mkononi, akiangalia gizani. Alisema hatalala, atachunga fisi.

Mvua ikanyesha. Mahema yakapata unyevu, watoto wakaanza kutetemeka. Nikaona makaa ya jiko yameiva vizuri, mekundu, hayatoi moshi hata kidogo. Nikawaambia akina mama wenzangu, "Tuingize jiko ndani ya hema la wasichana, lipate joto, halafu tufunge zipu." Mimi, muuguzi mwenye diploma, ndiye niliyesema hivyo.

Kabla ya saa sita usiku msichana mmoja akaamka akilia kichwa. Akatapika. Tukadhani ni maharagwe ya jioni. Wa pili akasema anaona kizunguzungu. Wa tatu tukamwamsha, hakuamka haraka. Mama mpishi, ambaye hakuwahi kusomea uuguzi, ndiye aliyepiga kelele: "Toeni watoto! Ni jiko hilo!" Tukawavuta nje mmoja mmoja, kwenye mvua, kwenye hewa safi. Mungu alitusaidia, wote walipona. Wawili walilazwa hospitali kwa siku moja wakipewa oksijeni.

Fisi hakuja usiku ule. Yule baba alikuwa macho akichunga nje, na mauti yalikuwa yamekaa katikati ya hema, na mimi ndiye niliyeyaingiza. Bunduki ingetusaidia nini?

Ndiyo maana nasema hivi: usalama wa kambi hautoki kwa bunduki. Unatoka kwa mambo madogo yanayofanywa kabla jua halijazama. Tuyapitie pamoja.

La kwanza ni jiko. Makaa yanayowaka hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Makaa kukosa moshi si dalili ya usalama. Hewa hii huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na mtoto aliyelala huzidi kulala tu. Kwa hivyo jiko la makaa, jiko la mafuta, jiko la gesi, vyote vibaki nje ya hema. Usiseme "nitaacha zipu wazi kidogo." Usiseme "ni la kupasha joto tu." Hata makaa yanayozimika bado hutoa sumu hiyo. Kama ni baridi, mvalishe mtoto soksi, kofia na sweta mbili, atandikiwe kitu kizito chini yake, kwa maana baridi nyingi hutoka ardhini. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringwa kwa kitambaa inatosha kupasha blanketi. Na ikiwa watu wawili au watatu ndani ya hema moja wanaumwa na kichwa, wana kichefuchefu au wanalegea kwa wakati mmoja, usingoje. Watoe wote nje mara moja, halafu wapeleke hospitali hata kama wanaonekana wamepata nafuu.

La pili ni mahali pa kupiga hema. Hapa mamangu wa barua ya Hell's Gate asikilize vizuri. Tarehe 1 Septemba mwaka 2019, watu saba walipoteza maisha katika korongo la mbuga hiyo. Hawakuuawa na mnyama. Walisombwa na maji ya ghafla. Miaka saba kabla ya hapo, mwaka 2012, vijana wa kanisa walisombwa katika korongo lilo hilo. Mvua inaweza kunyesha mbali, mahali ambapo wewe huoni hata wingu, na maji yakateremka kwa nguvu katika korongo ulilomo. Mwanzoni mwa Mei mwaka 2024 mto Talek ulivunja kingo zake kule Maasai Mara, na kambi kadhaa za watalii zikafunikwa na maji. Watu waliokolewa, wengine kwa helikopta.

Basi hema lisipigwe ndani ya mto uliokauka, hata kama mchanga wake ni laini na unapendeza. Lisipigwe ukingoni mwa mto. Lipigwe mahali palipoinuka, palipotengwa kwa ajili ya kambi. Na msimu wa mvua ndefu, kama kuna habari za mvua kubwa, safari ya korongoni iahirishwe. Mtoto atalia siku moja. Afadhali alie.

Tena karibu na maziwa na mito yetu kuna kiboko. Mchana yuko majini, usiku hutoka kula majani. Ana njia zake alizozizoea. Ukiona njia iliyokanyagwa kutoka majini, usipige hema juu yake. Na mtu yeyote asisimame kati ya kiboko na maji, kwa sababu akishtuka atakimbilia majini, na atampitia yeyote aliye mbele yake.

La tatu ni hema lenyewe. Hema ni kitambaa, ndiyo, lakini likifungwa zipu hadi chini, mara nyingi mnyama huliona kama kitu kizima, kama jiwe kubwa. Halioni kama chakula. Hatari ni mtoto kulala nje kando ya moto, au kulala na kichwa mlangoni kwa sababu ya joto. Fisi hupenda kumvamia mtu aliyelala wazi, na huuma usoni. Kwa hivyo kila mtu alale ndani, zipu ifungwe, kichwa kielekee katikati. Watoto wadogo walale katikati na watu wazima pembeni. Wala lisiwepo hema la watoto watupu. Kila hema liwe na mtu mzima mmoja.

La nne ni chakula. Mama, wewe ukimpakia mtoto safari unamwekea machungwa, ndizi mbivu, mandazi na karanga katika begi lake. Halafu begi hilo huwa mto wake wa kulalia! Ndovu ana pua kali sana. Anaweza kunusa machungwa na ndizi kutoka mbali, naye hatabisha hodi. Nyani naye hunyakua mchana peupe, na akimwona mtoto ameshika ndizi atamrukia. Kwa hivyo kusiwe na chakula chochote ndani ya hema, hata peremende, hata biskuti iliyobaki nusu. Chakula chote kiwekwe ndani ya gari lililofungwa au ndani ya jengo la askari. Mabaki na mifupa isitupwe kando ya kambi, kwani hiyo ni kumwita fisi kwa jina. Sufuria zioshwe kabla ya kulala. Na watoto waambiwe wazi: hatumlishi nyani, hatumchezei, hatumwonyeshi chakula.

La tano ni choo cha usiku. Hili huwa hatulisemi, lakini ndilo humtoa mtoto hemani saa nane za usiku peke yake, miguu mitupu, bila tochi. Dawa yake ni rahisi. Jioni apunguze chai na maji saa moja kabla ya kulala. Wote waende chooni pamoja na mtu mzima kabla ya zipu kufungwa. Na ndani ya hema kuwe na ndoo ndogo yenye kifuniko. Ndiyo, ndoo. Hata watoto wakubwa waambiwe si aibu. Kama ni lazima kutoka, mtoto amwamshe mkubwa. Mkubwa afungue zipu kidogo, amulike kila upande kwa tochi, akiona macho yanang'aa arudi ndani. Kama ni salama, watoke wawili, viatu miguuni, waende karibu tu.

Mweleze mtoto wako jambo hili kabla hajaondoka nyumbani, kwa maneno yako mwenyewe: "Ukibanwa usiku, mwamshe mwalimu. Hatakukaripia." Watoto wengi hutoka peke yao kwa kuogopa kumsumbua mkubwa.

La sita, je, wakikutana na mnyama? Mfundishe mtoto neno moja: asikimbie. Mtoto anayekimbia hufanana na swala. Wasimame pamoja, wadogo wabebwe, warudi nyuma polepole huku wakimtazama mnyama. Fisi au chui akija karibu, watu wajifanye wakubwa, wainue mikono, wapige kelele pamoja. Lakini kwa ndovu na nyati ni tofauti. Hao hawapigiwi kelele. Unawaachia njia, unarudi nyuma polepole, unatafuta gari, jengo au mti mkubwa wa kukaa nyuma yake. Na kama ndovu ameingia kambini usiku nanyi mko hemani, nyamazeni. Msimmulike kwa tochi, msitoke kumpiga picha kwa simu. Akishiba atakwenda zake. Kama ni fisi ananusanusa nje, pigeni sufuria na kuongea kwa sauti mkiwa ndani, naye ataondoka.

Hapa ndipo filimbi inaposaidia kuliko bunduki. Mnunulie mtoto filimbi, aivae shingoni. Akipotea, asizungukezunguke; akae mahali pamoja apulize mara tatu, apumzike, apulize tena.

La saba ni nyoka. Nyoka huwauma watu wetu wengi kuliko simba. Yuko kifutu, ambaye wengine humwita bafe, mfupi na mnene, hulala njiani na hahami unapokaribia. Yuko swila anayetema sumu machoni. Kinga ni hizi: viatu vilivyofunika mguu, tochi usiku, kutoingiza mkono katika shimo au chini ya jiwe, na asubuhi kukung'uta viatu na blanketi kabla ya kuvaa au kukunja. Kuni zikusanywe mchana, kwa macho.

Mtoto akiumwa na nyoka, sikiliza ya kufanya. Mtulize, alale chini, asitembee. Vua viatu, pete, bangili na chochote kinachobana, kwa maana atavimba. Funga mguu au mkono ule kwa ubao au fimbo usitingishike, kama vile umevunjika. Halafu hospitali, haraka, huku amebebwa au yuko garini. Kama anatapika au amelegea, alale ubavu.

Na sasa yasiyofanywa. Usichanje kwa wembe. Usinyonye. Usifunge kamba ya kukaza. Mguu unaweza kufa. Usiweke jiwe jeusi ukangoja. Usiweke mafuta ya taa wala mizizi. Usipoteze saa nzima kumtafuta nyoka ili umpeleke hospitali. Kumbuka tu rangi na ukubwa wake. Kwa maumivu mpe parasetamoli, usimpe aspirini wala ibuprofeni, kwani sumu nyingine huzuia damu kuganda. Kama sumu imeingia machoni, mwoshe kwa maji mengi safi kwa dakika ishirini, kisha umpeleke hospitali. Dawa ya kuua sumu ya nyoka haiko katika kila zahanati. Kwa hivyo kiongozi wa safari aulize kabla ya kuondoka: hospitali ipi iliyo karibu na mbuga ina dawa hiyo? Swali hilo moja linaweza kuokoa masaa matatu ya kuzunguka na mgonjwa.

La nane ni kuumwa au kukwaruzwa na mnyama yeyote mwenye meno: mbwa wa kijiji jirani, mbweha, fisi, nyani, hata paka. Hata kama ni kidonda kidogo, fikiria kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili, hakuna tiba. Lakini kabla ya dalili unazuilika kabisa. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, tazama saa, kisha umpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo aanzishiwe sindano. Sindano ni kadhaa na zina tarehe zake. Usikatize kwa sababu kidonda kimepona.

La tisa ni moto wa kambi. Jioni ndio raha yenyewe, watoto wanaimba, wanachoma mahindi. Pigeni mstari wa mawe kuzunguka moto, mtoto asivuke. Shuka na leso zinazoning'inia zikae mbali. Mtoto akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya kawaida kwa dakika ishirini. Usipake dawa ya meno, usipake mafuta, yai wala unga. Funika kwa kitambaa safi umpeleke kituo cha afya. Na kabla ya kulala, moto uzimwe kwa maji mpaka majivu yapoe.

La kumi ni mbu na maji. Wewe unayeishi Limuru, Nyahururu au Nairobi, mtoto wako hana kinga ya malaria kama ya mtoto wa Siaya. Akienda kupiga kambi Baringo, Tsavo, Pwani au kando ya Ziwa Victoria, avae mikono mirefu jua likizama, apakwe dawa ya kufukuza mbu, na zipu ya chandarua cha hema ifungwe mapema, mbu hawajaingia. Kabla ya safari uliza kliniki kama anahitaji dawa ya kuzuia malaria. Mama mjamzito hasa asiende bila kuuliza. Mtoto akirudi nyumbani akapata homa, hata kama ni wiki tatu baadaye au zaidi, usiseme ni mafua. Mpeleke akapimwe, na umwambie daktari alilala wapi. Daktari wa mahali pasipo na malaria anaweza asifikirie malaria kama hukumwambia.

Maji ya mto au ya ziwa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama yanaonekana meupe. Kila kambi ibebe sabuni, na pakiti za chumvi na sukari za ORS. Mtoto akiharisha kambini huishiwa na maji upesi kwa sababu ya jua.

Mama mpendwa, najua mambo haya ni mengi kukumbuka. Basi chukua kalamu, nitakupa maswali ya kumwuliza mwalimu au kiongozi wa safari kabla hujatia sahihi ile barua. Kuna askari wa wanyamapori atakayelala na kambi? Hema litapigwa wapi, na mto uko umbali gani? Nani atalala katika hema la mtoto wangu? Chakula kitawekwa wapi usiku? Mtaleta joto gani kukiwa na baridi? Akijibu "jiko," usitie sahihi. Kuna gari litakalobaki kambini usiku kucha, lenye mafuta na dereva asiyekunywa pombe? Hospitali ya karibu ni ipi, na ina dawa ya sumu ya nyoka? Simu inashika mtandao pale kambini, na kama haishiki, mtaitaje msaada? Nambari za dharura ni 999 au 112, na ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, lakini kambini nambari ya kwanza ni ile ya askari wa mbuga. Iombwe langoni na iandikwe.

Kiongozi mzuri hatakasirika kwa maswali hayo. Atayajibu. Anayekasirika, mtoto wako abaki nyumbani akusaidie kuchambua mchicha.

Na wewe unayekwenda na watoto kama msimamizi, usiogope kusema "hapana" mbele ya wenzako. Usiku ule milimani, akina mama wengine wawili walikuwa na wasiwasi juu ya jiko. Waliniambia baadaye. Walinyamaza kwa sababu mimi ni muuguzi, wakadhani najua. Na mimi niliona watoto wanatetemeka, nikasahau niliyosoma. Tangu siku ile, kila ninapokwenda na kikundi, nawakusanya watu wazima kabla jua halijazama, nawauliza: "Nani anaona kitu kisicho salama hapa?" Na ninanyamaza, nangoja jibu. Mara nyingi mpishi ndiye huona kwanza.

Yule mama wa barua alirudi kliniki juzi kumpima mdogo uzito. Nilimpa maswali haya mapema, akaenda nayo shuleni. Mwalimu alikuwa na majibu ya maswali sita. Kuhusu dawa ya nyoka na gari la usiku hakuwa na jibu, akaomba siku mbili ayatafute. Akayapata. Mama ametia sahihi, na amemnunulia mtoto filimbi. Anasema mtoto ameipuliza nyumbani tangu Jumatatu, na jirani wamechoka. Nilimwambia avumilie.

Hayo ndiyo yangu ya leo. Ukiwa na swali, mfikie muuguzi au mhudumu wa afya wa jamii aliye karibu nawe. Safiri salama, lala ndani ya hema, funga zipu, na jiko libaki nje. Kwaherini hadi tutakapozungumza tena.